RDC: De Funès alihitaji mkalimani nyumbani, Mufwankolo hakuhitaji

Katika miji ya mashariki mwa Congo, wako watu wazima ambao Kifaransa chao cha kwanza hawakukipata kwa mwalimu. Walikipata kwa mzee mmoja mfupi mwenye kipara, anayeruka kwa hasira, anayekunja uso kama karatasi na kubadilisha sauti mara tatu katika sentensi moja. Ni Louis de Funès, mchekeshaji wa Ufaransa aliyefariki mwezi wa kwanza mwaka wa 1983. Filme zake ziliendelea kuingia katika saloni za Bukavu, Goma, Kalemie na Lubumbashi kana kwamba hakuna aliyepata habari ya msiba.

Waliokuwa watoto miaka ya 1980 na 1990 wanaijua saa ile. Ugali umeliwa, sahani zimetolewa, na televizyo, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma mchana kutwa, imefunuliwa. Viti ni vya wakubwa. Watoto wa nyumba wako chini kwenye mkeka, watoto wa jirani wako nyuma yao, na wale ambao hawana ujamaa na mtu yeyote humo ndani wamesimama dirishani. Nje kuna kijana mmoja anayezungusha anteni huku akipigiwa kelele kwamba picha imerudi, hapana, imepotea, basi asimame hapohapo. Kijana huyo alikosa nusu ya filme, na kesho yake ndiye aliyeisimulia kwa kelele kuliko wote.

Kwa miaka mingi hakukuwa na kuchagua. Televizyo ya taifa ilianza Kinshasa mwaka wa 1966, na chini ya Mobutu ilibaki sauti moja ya nchi nzima. Kabla ya habari, sura ya Rais ilionekana ikishuka kutoka mawinguni. Kisha zilikuja nyimbo na ngoma za kumsifu Kiongozi, watu wakicheza kwa mavazi ya chama. Watoto walizijua kwa moyo, kwa sababu hata shuleni ziliimbwa. Kichekesho kilikuja baada ya hayo yote, na ndicho kilichofanya watu wavumilie hayo yote.

Yaya aliye karibu na kioo

Shida ya de Funès ni kwamba anasema haraka. Koko hakwenda shule ya Wafaransa wala ya Wabelgiji. Mama anajua Kifaransa cha soko na cha hospitali. Basi kazi ilimwangukia yaya, yule wa masomo ya sekondari, aliyewekwa karibu na kioo si kwa heshima bali kwa utumishi. Kila baada ya maneno mawili swali lilitoka nyuma: anasema nini? Na yaya alijibu.

Alijibu kwa namna yake. Alichokielewa alikitafsiri, na asichokielewa alikitunga, kwa kuwa mkalimani anayenyamaza mbele ya watu ishirini hupoteza kiti chake. Ndiyo maana nyumba nyingi zilicheka mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu ya uso wa de Funès, mara ya pili kwa sababu ya Kiswahili cha yaya. Nyumba mbili za kartie moja zingeweza kuona filme ileile usiku uleule na kesho yake kubishana kisimani juu ya kilichotokea, kila moja ikimtetea mkalimani wake. Wengi waligundua ukweli wakiwa watu wazima, walipoiona filme upya na kusikia kwamba maneno yaliyowavunja mbavu utotoni hayamo kabisa.

Kati ya filme zake, zilizokaa zaidi vichwani ni zile za jandarme Cruchot wa Saint-Tropez. Ziko sita, ya kwanza ya mwaka wa 1964 na ya mwisho ya 1982. Cruchot ana tabia moja tu, na filme zote sita zinaizunguka: mbele ya mkubwa wake anainama mpaka karibu aguse viatu, akigeuka kwa mdogo wake anabweka. Mfaransa alicheka kwa sababu aliwahi kumwona mtu wa namna hiyo ofisini. Mtoto wa Zaire alikuwa na sababu ya karibu zaidi. Nchi yake nayo ilikuwa na majandarme. Huko Katanga neno lenyewe lilibeba vita vya miaka ya 1960, vya wale majandarme wa Tshombe ambao wazee hawakuwataja kwa kicheko. Na kwenye vizuizi vya barabara, mtoto aliyekaa nyuma ya gari alisikia sauti ya baba yake, kubwa nyumbani, ikishuka na kuwa ndogo mbele ya kijana mwenye bunduki.

Kumwona jandarme akianguka ndani ya maji na kofia yake, huku baba yuleyule akipiga magoti yake kwa mikono kwa kucheka, lilikuwa jambo ambalo mtoto hakulielewa yote. Alielewa tu kwamba usiku ule baba alikuwa mwepesi.

Charlot hakuomba msaada wa mtu

Kwa Charlie Chaplin, Charlot kwa jina alilopewa na Wafaransa na ambalo Congo ililipokea, yaya alipumzika. Hakuna maneno. Koko na kitinda mimba walianza kucheka sekunde ileile, na pengine ndiyo sababu wazee walimpenda kuliko wengine: kwake hawakuwa nyuma ya mtu yeyote.

Filme yake ya mwaka wa 1921 juu ya mtoto aliyeokotwa na maskini haikuhitaji maelezo katika mji wowote wa Congo. Mtoto anavunja vioo vya madirisha kwa mawe, kisha Charlot anapita kwa bahati akiwa na vioo vipya mgongoni, tayari kutengeneza. Hiyo ni akili ya kutafuta maisha, na wakaaji wa hapa waliijua kabla ya kuiona kwenye televizyo. Wanapokuja kumchukua mtoto kwa nguvu na kumtia ndani ya gari, saloni nzima hunyamaza. Ni kichekesho kinacholiza, na watu wazima waliojifanya wanapangusa jasho hawakumdanganya mtu.

Nyingine ni ile ya 1936, Charlot akiwa mfanyakazi wa kiwanda, akikaza vyuma kwa kasi mpaka mashine inammeza na kumzungusha katikati ya magurudumu yake. Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, ambako baba aliamshwa na king'ora cha Union Minière, na baadaye cha Gécamines, filme hiyo iliingia nyumbani kwa mlango mwingine. Mikono ya Charlot inayoendelea kutikisika hata baada ya kazi kwisha, mtu wa hapo aliweza kuilinganisha na mikono iliyoshika kikombe cha chai pale pembeni yake.

Congo ilikuwa tayari imepokea vichekesho vya namna hiyo kabla ya televizyo. Katika miaka ya 1950, huko Kasai, padre mmoja wa misheni, Albert Van Haelst, alitengeneza filme fupi za wachekeshaji wawili Wacongomani, Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, kwa mfano wa Laurel na Hardy wa Marekani. Zilionyeshwa kwa watu ili wacheke na kupata mafundisho, na mafundisho hayo yalikuwa ya kikoloni, hilo halifichiki. Lakini hata katika mahubiri, watu walikwenda na kicheko na kuacha hubiri palepale.

Kiswahili cha nyumbani ndani ya sanduku

Kisha kulikuwa na Mufwankolo. Kwa Lubumbashi jina hilo halihitaji maelezo. Kwa vijana wa leo wa Goma na Bukavu huenda linahitaji: lilikuwa jina la mchekeshaji na pia la kundi lake lote la michezo ya kuigiza. Walianzia jukwaani na redioni, kisha wakaingia katika televizyo, wakaonekana kila wiki katika stesheni ya Lubumbashi.

Hawakuwa na maandiko. Walikaa pamoja, wakakubaliana juu ya jambo, wakaligawanya katika vipande, nani anaingia na nani anatoka, halafu kila mmoja alitafuta maneno yake mwenyewe akiwa tayari mbele ya watu. Na maneno hayo yalikuwa Kiswahili cha Katanga, kile kilichozaliwa katika kambi za wafanyakazi wa migodi, chenye Kifaransa ndani yake, chenye Kiluba na Kibemba, chenye majina ya vyombo na vyeo vya kazini. Shuleni mtoto aliambiwa kwamba hicho si Kiswahili kizuri. Jioni alikisikia kikitoka ndani ya sanduku lilelile lililomtoa Rais mawinguni. Mume anayerudi bila mshahara, mke asiyedanganyika, shemeji aliyekuja kwa siku mbili na sasa ana mwezi: wote walisema kama mama na kama jirani. Ni vigumu kupima jambo hilo linamfanyia nini mtoto, lakini halikuwa dogo.

Hapo saloni iligeuka. Kwa de Funès, mtoto aliyesoma alimtafsiria mzee. Kwa Mufwankolo yaya alirudi kwenye mkeka pamoja na wadogo zake, kwa sababu kila mmoja alisikia lugha, ila si kila mmoja alisikia methali, mafumbo na matusi yaliyofichwa. Wakubwa walicheka, watoto wakabaki wakitazamana. Sasa swali lilitoka mbele kwenda nyuma: kambo, kwa nini mumecheka? Na kambo, kama aliona umri unaruhusu, alieleza. Alieleza methali, aliyeitunga, na tukio la ukoo lililofanana nayo, mpaka kipande kinachofuata kikawa kimeanza na akaombwa anyamaze kidogo.

Jambo moja linatosha kuonyesha wachekeshaji hao walikwenda umbali gani. Mwaka wa 1986 mtafiti wa mambo ya binadamu, Johannes Fabian, aliyekuwa akiwajua tangu miaka ya 1970, aliwauliza maana ya msemo aliousikia Lubumbashi: madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Waigizaji walianza kubishana juu ya maana yake, kisha wakaamua kuufanya mchezo wao unaofuata. Ukawa mchezo juu ya mfalme wa kijiji na watu wake, na televizyo ikaja kuurekodi. Huo ulikuwa mwaka wa 21 wa utawala wa Mobutu, katika nchi ya chama kimoja. Mfalme alikuwa wa kijiji, bila shaka. Aliyetaka kuona kijiji aliona kijiji.

Kinshasa nayo ilikuwa na yake. Michezo ya kundi la Salongo na ya Théâtre de chez nous ilifika mashariki kwa Kilingala, na kwa watoto wengi wa Kivu, Kilingala kilikuwa na sura mbili tu: cha askari na cha mchekeshaji. Cha muziki kilikuwa cha wote, hicho hakihesabiwi.

Saloni zilizofungwa

Kuanzia mwaka wa 1996 vita vilipita ndani ya nyumba hizo. Televizyo ilikuwa kati ya vitu vya kwanza kuporwa, na pale iliposalimika mara nyingi iliuzwa kwa nauli au kwa unga. Goma ililipa mara nyingine tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilipomwaga moto wake katikati ya mji. Aliyekimbia akiwa na mtoto mgongoni na godoro kichwani hakubeba kaseti. Jamaa zilizokuwa zikibanana kwenye mkeka mmoja leo ziko Kampala, Nairobi, kambi ya Nyarugusu huko Tanzania, Ulaya na Amerika, na vipande vya de Funès vinazunguka kwa simu kutoka kwa mjomba mmoja hadi kwa mpwa mwingine, saa ambayo mmoja wao amelala.

Kicheko hakikuisha. Kilibadilisha njia. Baada ya vita vikubwa, diski za bei ndogo zilivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, na Uvira na Kalemie zikampata King Majuto wa Tanga, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Amri Athumani, hadi alipofariki Dar es Salaam tarehe 8 mwezi wa nane 2018. Naye pia alihitaji mkalimani kidogo. Kiswahili cha pwani kina maneno ambayo Uvira haikuyatumia, na watoto waliyaokota wakicheka, kisha wakayatumia kumshangaza mwalimu. Mr. Bean wa Uingereza, aliyeanza mwaka wa 1990, alikuja kwa njia hiyohiyo, na kwa kuwa husema kidogo sana, alirithi kiti cha Charlot bila kupingwa. Vyumba vya video viliwachukua wale wa dirishani. Huko walilipa, lakini walikaa.

Leo mtoto ana kioo chake mkononi na vidude vyake masikioni. Wachekeshaji wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wapo, wengine wakali kweli, na wanasema Kiswahili cha mtaa bila kuomba ruhusa ya mtu. Kinachokosekana ni lile swali. Mtu anayecheka peke yake kitandani haulizwi na koko anasema nini, na koko, aliyekaa chumba cha pili, hana wa kumuuliza.

Tofauti nyingine ni ya ghala, na hiyo inauma zaidi. Charlot ana jumba la makumbusho huko Uswisi, katika nyumba aliyoishi mpaka kifo chake, lililofunguliwa mwaka wa 2016. De Funès ana lake Saint-Raphaël tangu 2019, na hata kituo cha zamani cha majandarme cha Saint-Tropez kimefanywa makumbusho. Filme zao zimesafishwa, zinaonekana vizuri leo kuliko zilivyoonekana Kadutu mwaka wa 1985. Mufwankolo ana kitabu cha Fabian, kilichochapishwa Marekani mwaka wa 1990 kwa Kiingereza, na maandishi ya Kiswahili ambayo Fabian na mwenzake Vincent de Rooij waliyaweka kwenye intaneti kutoka Amsterdam. Ni kazi nzuri, na bila hiyo kingebaki kidogo sana. Lakini mjukuu wa kambo aliyeeleza methali zile hukuta mchezo huo kwanza katika kitabu cha lugha ambayo huenda haisomi.

Si kwamba Congo peke yake ilipoteza. Kaseti za stesheni zilikuwa ghali, na kurekodi kitu kipya juu ya cha zamani ilikuwa kawaida ya dunia nzima. Hata BBC ya London ilifuta vipindi vyake vingi vya miaka ya 1960 na 1970, kisha ikaanza kuwaomba watu waliorekodi nyumbani wavirudishe. Baadhi vilirudi hivyo, kutoka katika makabati ya watu binafsi.

Makabati ya namna hiyo yapo hapa pia. Kuna kaseti za VHS chini ya vitanda huko Kenya na Kamalondo za Lubumbashi, huko Ibanda na Kadutu za Bukavu, zilizorekodiwa na baba kutoka kwenye televizyo, zikiwa na jina lililoandikwa kwa kalamu na kufutika nusu. Kampuni ya mwisho duniani iliyokuwa ikitengeneza mashine za kuzichezesha, Funai ya Japani, iliacha mwezi wa saba 2016. Utepe wa kaseti huharibiwa na unyevu na joto, na Bukavu ina unyevu wa kutosha. Mwenye nayo aitoe chini ya kitanda, aisimamishe kama kitabu mahali pakavu, mbali na spika za redio kwa kuwa zina sumaku. Ikiwa na ukungu mweupe ndani asiitie kwenye mashine, maana itakatika na kuichafua mashine yenyewe. Na kabla ya kumwachia fundi wa kuihamishia kwenye kompyuta, aandike kwenye karatasi majina ya waigizaji anaowakumbuka, huku mama au kambo akiwa bado yupo wa kuulizwa.